Hivi ni kweli mshairi aliokoa stesheni ya treni kwa mashairi?

Pale stesheni ya St Pancras, London, kuna sanamu ya mzee mwenye kitambi, koti linapepea, mkono umeshika kofia isidondoke maana anakodolea macho paa la juu kabisa. Ni John Betjeman, mshairi rasmi wa ufalme wa Uingereza kuanzia 1972 mpaka alipofariki 1984. Stori inayopendwa ni kwamba aliandika, serikali ikaona aibu, stesheni ikapona kubomolewa. Tamu, ila haikwenda hivyo.

Kwanza kabisa alishapigwa vibaya jirani hapo tu, stesheni ya Euston, ambako kulikuwa na lango kubwa la mawe la mwaka 1837. Yeye na wenzake wa Victorian Society, chama cha kutetea majengo ya enzi ya Malkia Victoria walichoanzisha 1958, walipiga kelele weee, Waziri Mkuu Macmillan akagoma, lango likabomolewa 1961 hadi 62 na mawe yake mengi yakaishia kutupwa mtoni.

Na cha ajabu, lile lango lilikuwa kwenye orodha ya majengo ya kihistoria! Sasa orodha ilikuwa ya nini? Ni hivi, enzi hizo mwenye jengo alitakiwa kutoa taarifa tu kwamba anabomoa. Ni kama mtoto anayepita sebuleni anasema "mama natoka" huku mguu mmoja ushafika nje, mama anaweza kumzuia ndio, lakini lazima yeye ndo akurupuke, akizubaa mtoto kaenda. Sheria ya 1968 ikageuza kibao: bila ruhusa mkononi, hubomoi.

St Pancras yenyewe bahati yake ilikuwa wakati. Mpango wa kuiunganisha na stesheni jirani ya King's Cross, uliotishia kuibomoa, ulitoka 1966, Novemba 1967 ikaingizwa daraja la kwanza la orodha ile, mwaka uliofuata sheria ikapata meno. Kazi kubwa ya kusukuma ilifanywa na mwenyekiti wa chama, Nikolaus Pevsner, ambaye na Betjeman wala hawakuwa wanapendana.

Betjeman je? Huwezi kumpimia kwa rula, ila majengo ya enzi ya Victoria yalikuwa yanaonekana vituko tu, na yeye kwenye redio na tivii ndo aliwazoesha watu kuyapenda. Kuorodheshwa nako hakumlazimishi mtu kulitumia jengo: hoteli ya mbele ya stesheni, iliyofungwa 1935, ilirudi kupokea wageni 2011.