Daktari wa masikio aliyechupa kutoka mita 10

Bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1948 katika mchezo wa kuchupa majini alijifunza sehemu kubwa ya kazi yake kwenye mchanga. Jina lake Sammy Lee, mtoto wa wahamiaji wa Kikorea, aliyezaliwa Fresno, California, tarehe 1 Agosti 1920. Bwawa la umma la Brookside, mjini Pasadena, liliwaruhusu watu wasio Wazungu kuogelea siku moja tu kwa wiki. Siku hiyo ikipita, maji yalimwagwa yote na kujazwa mengine, ndipo Wazungu waingie tena. Siku sita zilizobaki kijana Lee hakuwa na pa kuchupia. Kocha wake, Jim Ryan, akachimba shimo nyuma ya nyumba yake, akalijaza mchanga na kuweka ubao wa kurukia juu yake. Humo Lee aliruka, akabinuka hewani, akatua kwa miguu, akapanda tena.

Ninamleta mtu huyu kwenu kwa sababu mimi ni daktari wa masikio, pua na koo katika hospitali ya pwani, na Lee alikuwa mwenzangu kwa fani. Alikuwa daktari bingwa wa masikio. Watu wengi wakiona kwenye televisheni mtu anajitupa kutoka ghorofa ya tatu na kuingia majini bila hata kurusha matone, husema "huyo ana moyo". Moyo anao, lakini hautoshi. Ninachotaka wazazi na vijana wa pwani wakielewe ni kwamba kila sehemu ya kazi ile, toka ngazi hadi sakafu ya bwawa, imefunzwa na kupimwa, na kwamba maji anayoyaingia mchupaji anayajua kwa mita na sentimita.

Neno lenyewe kwanza. Redio na magazeti huuita mchezo huu kupiga mbizi. Lakini apigaye mbizi ni mvuvi wa pweza: anazama, anakaa chini, anatafuta. Kwa waamuzi wa mchezo ninaouzungumzia, kazi imekwisha pale maji yanapofunika vidole vya miguu. Kwetu, anayeruka kutoka juu kwenda chini huchupa, nami nitamwita mchupaji.

Lee alikuwa na umri wa miaka 12 Olimpiki ilipofanyika Los Angeles mwaka 1932, na hapo ndipo alipomwambia baba yake kwamba siku moja atakuwa bingwa. Baba alitaka mtoto awe daktari. Yote mawili yakaenda pamoja, kwa taabu. Mwaka 1942 alishinda ubingwa wa taifa wa Marekani kwenye ubao na kwenye jukwaa, wa kwanza asiye Mzungu kufanya hivyo. Olimpiki za 1940 na 1944 hazikuwepo kwa sababu ya vita, na miaka ile ambayo mchupaji huwa kwenye kilele chake ikaenda kwenye masomo. Baba alifariki kabla ya kumwona mwanawe akihitimu udaktari mwaka 1947.

Mwaka uliofuata, London, Lee alipata shaba kwenye ubao wa mita 3 na dhahabu kwenye jukwaa la mita 10. Mchupo wake wa mwisho ulikuwa samasoti (mwili mzima kubinuka na kuzunguka hewani) tatu na nusu kwenda mbele, mchupo ambao wachache sana duniani walithubutu kuujaribu enzi hizo. Katika timu hiyohiyo alikuwamo Vicki Draves, binti wa baba Mfilipino na mama Mwingereza, aliyeshinda dhahabu mbili, ya ubao na ya jukwaa. Draves naye aliwahi kulazimika kutumia jina la ukoo wa mama yake ili akubaliwe katika klabu ya kuogelea ya San Francisco. Miaka minne baadaye, Helsinki, Lee akiwa meja katika jeshi la Marekani, kitengo cha tiba, alitetea dhahabu yake ya jukwaa. Siku ile, 1 Agosti 1952, alikuwa anatimiza miaka 32. Hakuna mwanamume aliyekuwa ametetea dhahabu ya jukwaa kabla yake. Kisha akapelekwa Korea, nchi ya wazazi wake, kutibu masikio ya wanajeshi.

Sasa tuangalie mwili. Jukwaa la mita 10 ni zege lililofunikwa zulia gumu lisiloteleza; halinesi kama ubao, kwa hiyo urefu wa mruko wote hutoka miguuni. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo mchanga wa nyuma ya nyumba ya kocha ulipomlipa Lee. Mchanga haukusaidii kuruka wala haukupokei kwa upole, na nyonga na mapaja yaliyozoea mchanga huwa na nguvu. Kutoka juu hadi majini hazipiti sekunde mbili. Katika muda huo mchupaji hujikunja, huzunguka mara tatu au nne, huyatafuta maji kwa macho, hujinyoosha. Anapofika chini anakwenda kilomita 50 kwa saa na ushee, mwendo wa daladala iliyopata barabara tupu. Maji humpunguzia zaidi ya nusu ya kasi hiyo kwa kufumba na kufumbua.

Kinachomwokoa ni mikono. Watu hudhani mchupaji huchoma maji kwa ncha za vidole kama mkuki. Wakubwa wa mchezo huu hufanya kinyume: hushika mkono mmoja kwa mwingine, hukunja vifundo vya mikono nyuma na kuyapiga maji kwa kiganja bapa. Kiganja hutoboa tundu, na mwili mzima hupita kwenye tundu lile. Ukifanywa sawasawa husikika mlio kama kitambaa kinachochanwa, na maji yanabaki karibu yametulia. Fikirini sasa kifundo cha mkono kinachopokea pigo hilo makumi ya mara kwa siku, siku sita kwa wiki, kuanzia utotoni. Vifundo, mabega na kiuno ndivyo vinavyochakaa mapema. Macho pia yamo hatarini. Hu Jia wa China, bingwa wa jukwaa wa mwaka 2004, aliendelea kuchupa huku retina zake, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, zikiwa zimeachia, na kwa daktari habari hiyo haileti sifa, inaleta wasiwasi.

Upande wangu ni masikio, nami nitakaa hapo kidogo. Mchupaji akishaingia huteremka mita 3 hadi 4 kabla ya kugeuka. Kila mita 10 za kina huongeza shinikizo sawa na la hewa yote iliyo juu yetu, kwa hiyo katika mita 4 kiwambo cha sikio kinasukumwa ndani kwa nguvu ambayo ni karibu nusu ya hiyo. Kuna mrija mwembamba unaotoka nyuma ya pua hadi ndani ya sikio, na kazi yake ni kusawazisha shinikizo hilo. Mafua yakiuziba, kiwambo huuma, huvuja damu, na huweza kupasuka. Namna ya pili ya kukipasua ni kutua kwa ubavu wa kichwa: maji hupiga sikio kama kofi. Anayepasuka kiwambo akiwa chini ya maji huingiwa na maji sikioni, na yakiwa baridi kuliko damu kizunguzungu humshika palepale, hajui juu ni wapi na chini ni wapi. Mwogeleaji hodari anaweza kuzama kwa sababu hiyo tu.

Wanaokuja kwetu na tatizo hili mara nyingi wameshatiwa kitu sikioni: mafuta ya nazi, maji ya kitunguu saumu, spiriti. Nawasihi msifanye hivyo. Kiwambo kilichopasuka kwa kofi la maji kwa kawaida huziba chenyewe baada ya wiki kadhaa kikiachwa kikavu. Usiingize kijiti wala pamba ya kuchokolea. Wakati wa kuoga weka mlangoni mwa sikio pamba iliyopakwa mafuta mazito ya kujipaka, basi. Njoo hospitali tukiangalie, tupime usikivu, na usirudi baharini mpaka uambiwe kimefunga. Usaha, homa au kizunguzungu kisichokoma, usisubiri siku ya kliniki.

Nirudi kwa Lee, maana kazi ya mchupaji haikomi siku anaposhuka jukwaani. Aliporudi uraiani alifungua kliniki kusini mwa California, na akawa kocha. Bob Webster, aliyeshinda dhahabu ya jukwaa mwaka 1960 na tena 1964, alipita mikononi mwake. Kisha akaja Greg Louganis, ambaye Lee alimwona akiwa bado mtoto. Alimchukua nyumbani kwake, akamnoa kwa ajili ya Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Louganis, mwenye miaka 16, alipata fedha nyuma ya Klaus Dibiasi wa Italia, aliyekuwa anachukua dhahabu yake ya tatu mfululizo. Chini ya kocha mwingine, Ron O'Brien, kijana huyo alishinda dhahabu mbili mwaka 1984 na mbili tena mwaka 1988.

Katika maisha ya Louganis ndimo ilimo hadithi ninayowasimulia wanafunzi wangu wa udaktari. Mwaka 1979, huko Tbilisi, aligonga kichwa kwenye jukwaa na kupoteza fahamu. Mwaka 1983, kwenye michezo ya vyuo vikuu mjini Edmonton, Kanada, mchupaji wa Kisovieti Sergei Chalibashvili alijaribu samasoti tatu na nusu za kinyume, zile ambazo mtu anaruka akitazama mbele lakini anazunguka kurudi kwenye jukwaa. Kichwa kikapiga ukingo wa zege. Alifariki baada ya siku chache. Louganis alikuwa palepale, akingoja zamu yake. Miaka mitano baadaye, kwenye Olimpiki ya Seoul, akiwa tayari amegonga kichwa kwenye ubao katika raundi za mwanzo na kushonwa, mchupo wake wa mwisho jukwaani ulikuwa huohuo uliomuua Chalibashvili. Aliupata. Alimshinda Xiong Ni wa China, mtoto wa miaka 14, kwa pointi 1.14.

Kuna anayesoma hapo na kusema: wakubwa nao hugonga, basi ni bahati tu. Tazameni lakini wamezungukwa na nini. Bwawa la jukwaa la mita 10 lina kina cha mita 5 hivi. Mchupo mpya huanza kwenye trampolini, kisha kwa mkanda wa kiunoni unaovutwa na kocha, kisha kwenye shimo la sponji, kisha jukwaa la chini, na ndipo la juu. Mara ya kwanza, mashine hupuliza mapovu kutoka sakafuni ili maji yalainike. Bomba hurushia matone juu ya maji ili mchupaji auone uso wa maji, asiuchanganye na sakafu. Daktari yupo. Pamoja na hayo yote, wanaumia.

Mtoto wetu anayechupa ukutani Forodhani, au kwenye gati, au kwenye jahazi lililotia nanga, hana hata kimoja cha hivyo, na bahari yake hubadilika kila saa. Wakati wa bamvua, Unguja, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika mita 4 hivi. Mahali alipochupa kwa raha maji yakiwa yamejaa, yakishakupwa pana maji ya magotini juu ya mwamba, na rangi ya bahari haimwambii. Akiingia kichwa mbele, kichwa husimama na kiwiliwili kinaendelea kuja. Pingili za shingo, hasa ya tano na ya sita, hupondeka, na uti wa mgongo hukatika ndani yake. Kijana aliyekuwa akicheza na wenzake hulala kitandani asiweze kushika kijiko. Wengi wao ni wavulana, wengi wana umri chini ya miaka 25.

Siwaambii wazazi wawakataze watoto bahari. Nawaomba wawafundishe kuipima. Manahodha walikuwa na bildi, kamba yenye kipande cha risasi mwishoni. Kamba yoyote yenye jiwe na fundo kila mita inafanya kazi hiyohiyo. Kichwa mbele, hata kutoka ukingoni tu, maji yasipungue mita 3, na kadiri ukuta unavyopanda ndivyo kina kiongezeke. Aingie kwanza kwa miguu, taratibu, aone chini pana nini. Arudie kupima kila siku, na kila maji yanapogeuka.

Na ikitokea mtu amechupa, kisha anaelea kifudifudi au anasema hasikii miguu, msimvute kwa mikono wala kwa shingo. Mgeuzeni uso uwe juu huku kichwa, shingo na mgongo vikibaki mstari mmoja, mmoja wenu akishika kichwa kwa viganja viwili pande zote za masikio. Akiwa anapumua, mwacheni aelee mikononi mwenu, maji yanambeba vizuri kuliko nyinyi, mpaka uletwe mlango, ubao mpana au machela. Asipopumua, mtoeni mara moja mkimshika hivyo hivyo, muanze kumpulizia hewa na kumkandamiza kifua. Aliyeshika kichwa asikiachie mpaka wahudumu wa hospitali wamwambie wamekipokea.