Anunnaki hawakuja kuchimba dhahabu: stori za miungu ya Wasumeri na zinavyopotoshwa

Kila baada ya muda kuna mtu ananitumia ile klipu ya WhatsApp, sauti nzito, muziki wa kutisha, picha ya jitu lenye mabawa na ndevu za kusukwa, halafu unaambiwa eti Wasumeri, wale watu wa kale wa kusini mwa Iraq ya leo, waliandika kila kitu miaka 6,000 iliyopita, kwamba miungu wao Anunnaki walitoka sayari ya Nibiru wakaja Afrika kuchimba dhahabu, wakatutengeneza sisi tuwe watumwa wao. Na watu wanaamini kabisa. Mimi hizi stori za Wasumeri nazipenda toka moyoni ndo maana inaniuma, maana walichoandika wenyewe kipo na kinasomeka.

Tuanze na hiyo dhahabu. Hakuna kibao cha udongo hata kimoja kinachosema miungu walikuja Afrika kuchimba dhahabu, hiyo ni ya Zecharia Sitchin, kitabu chake kilitoka 1976. Yeye alichukua neno Abzu akasema ni migodi ya kusini mwa Afrika, wakati Abzu kwa Wasumeri ni yale maji baridi yaliyoko chini ya ardhi, ndo kwake mungu Enki, na hekalu lake lilikuwa Eridu, kusini mwa Iraq ya leo. Kazi iliyowachosha miungu imeandikwa wazi: kuchimba mifereji. Kule mvua haitoshi, bila mfereji hakuna shayiri, na mfereji unajaa tope kila msimu lazima uzibuliwe. Kwenye ile stori ya Atrahasis miungu wadogo wanachimba Hidekeli na Frati mpaka wanachoka, wanachoma moto vifaa vyao vya kazi, usiku wanaenda kuzingira nyumba ya bosi wao Enlil. Ndo hapo anachinjwa mungu mmoja, nyama na damu yake vinachanganywa na udongo, binadamu anapatikana aibebe ile kazi. Hao ni watu wanaojua mgongo unaumaje ukishinda na jembe kwenye tope, wanajiuliza kwa nini maisha yako hivi, mambo ya DNA na maabara mtu kayaweka juu yake baadaye.

Na hata hiyo Atrahasis imeandikwa Kiakadi, lugha nyingine ya kulekule, sio Kisumeri. Ya Kisumeri ni ile ya Enki na mungu wa kike Ninmah, mama yake Enki anakuja kumwamsha, miungu wanalia na kazi afu wewe umelala! Binadamu anafinyangwa kwa udongo, wanafanya sherehe, bia inanyweka, Enki na Ninmah wanaanza kushindana. Ninmah anafinyanga watu wenye ulemavu, Enki anamtafutia kila mmoja nafasi yake, asiyeona anapewa muziki, apige mbele ya mfalme. Hii sehemu sijawahi kuiona kwenye klipu yoyote.

Kuhusu Nibiru, hilo jina lipo kweli, ila kwenye maandishi ya Babeli ni nyota ya mungu Marduk, mara nyingi ni Mshtarii, unaiona kwa macho tu usiku, hakuna sehemu wameandika inarudi kila miaka 3,600. Ule muhuri wa kale ulioko makumbusho ya Berlin unaosambazwa kwamba umechorwa sayari zote, maandishi yake ni majina ya watu basi. Sayari walizozijua watu wa kule ni tano, Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali.

Na lile jitu lenye mabawa lililobeba "mkoba" na "saa" mkononi? Ni la Waashuru, michongo ya kasri la mfalme Ashurnasirpal II kule Nimrud, alitawala 883 mpaka 859 KK, yaani zaidi ya miaka 1,100 baada ya dola ya mwisho ya Wasumeri kuanguka pale Ur. Kile ni kindoo cha maji ya kutakasa na ile saa ni bangili yenye ua.

Miaka 6,000 nayo sio. Uandishi kule Uruk, mji wa Wasumeri, ulianza kama 3200 KK, na vibao vya mwanzo vingi ni hesabu, shayiri, kondoo, bia. Hizi stori za miungu tunazosoma, nyingi zimenakiliwa na wanafunzi wa shule za Nippur na Ur kwenye miaka ya 1700 KK, wakati huo Kisumeri hakuna anayekiongea nyumbani tena, watoto wanakariri tu. Na sio siri ya mtu mmoja, Oxford waliweka kazi karibu 400 kwenye intaneti pamoja na tafsiri, bure.

Wafalme wa kale wa Sumeri waliotawala miaka 28,800? Ndio imeandikwa, ila walihesabu kwa 60, 60 mara 60 ni 3,600, na 28,800 ni 3,600 mara nane, ni namba za kuonyesha ukuu. Na wanaosema Easter imetoka kwa Ishtar, yaani mungu wa kike Inanna kwa Kiakadi, haviingiliani, Pasaka yetu inatokana na Pesach ya Wayahudi.

Nimemwacha Inanna mwisho kwa sababu ndo anaonewa zaidi. Wanasema ni mungu mama, na kwamba alishuka kuzimu kumfuata mpenzi wake Dumuzi aliyekufa. Inanna ni wa mapenzi na wa vita, nyota yake Zuhura, umama sio habari yake. Hata wataalamu walidhani alimfuata Dumuzi, mpaka mwisho wa stori ulipopatikana kwenye vibao vya Kisumeri. Alishuka kwa tamaa yake mwenyewe, kwa dada yake Ereshkigal, milango saba, kila mlango anavuliwa kitu mpaka anafika uchi. Anakalia kiti cha dada yake, Anunnaki saba, ndio, hawahawa, ni majaji wa kuzimu, wanamhukumu anageuka maiti inatundikwa. Enki anatoa uchafu wa kucha zake anatengeneza viumbe wawili, wanamkuta Ereshkigal analia kwa uchungu, akisema ooh tumbo langu nao wanasema ooh tumbo lako, analainika, wanaomba ile maiti. Inanna anafufuka ila lazima aache mtu badala yake. Anapita na mashetani wa kuzimu kwa waliokuwa wanamlilia, anakataa wasichukuliwe. Anafika kwa Dumuzi, mumewe, anamkuta kavaa vizuri, kakaa kwenye kiti cha enzi. Akasema mchukueni huyu. Dada yake Dumuzi, Geshtinanna, ndo akajitoa wagawane, nusu mwaka anakaa kaka kuzimu, nusu mwaka anakaa yeye.