Kuku wa kienyeji kati ya soko na sufuria

Mjadala wa kula nyama siku hizi hukimbilia mbali. Singapore iliruhusu nyama ya kuku iliyokuzwa maabara iuzwe tangu 2020, na watu wanauliza itafika kwetu lini. Huku magharibi mwa Kenya, ambako mgeni huchinjiwa kuku na imondo, yaani firigisi, ina mwenyewe, lipo swali la karibu zaidi: kuku huyu anapitia nini kutoka soko la Luanda, Vihiga, hadi sufuria yako Kisumu?

Kwanza safari. Kumfunga miguu na kumning'iniza kichwa chini kwenye bodaboda ni mateso. Ndege hana kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo kwa mbuzi au ng'ombe. Akipinduliwa, ini na matumbo hulalia mapafu na vifuko vya hewa, apumue kwa taabu njia nzima huku uzito wote ukivuta viungo vya miguu. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inakataza kumbeba mnyama kwa namna ya kumtesa bila sababu, na kuku yumo. Dai tenga: aketi, hewa ipite, mbawa zisibanwe. Kula kuku ni haki yako. Kumtesa si sehemu ya haki hiyo.

Ukifika, mwache apumzike kivulini. Mnyime chakula saa 8 hadi 12 kabla ya kuchinja ili utumbo usipasukie nyama, lakini maji usimnyime kamwe.

Kuchinja ndipo wengi huharibu. Kuku anayekanyagwa mbawa hupapatika, huvunjika mifupa, na nyama hubaki na michubuko. Chukua mtungi wa plastiki wa lita 5, kata kitako, panua mdomo kichwa kipite, uupigilie ukutani. Humo pia anakuwa kichwa chini, kweli, ila ni kwa muda mfupi na mwili umeshikiliwa. Kisu kiwe kikali cha kunyoa. Kata chini tu ya taya, mishipa mikubwa ya pande zote mbili kwa mkupuo mmoja. Ukikata upande mmoja, au kwa woga, fahamu humtoka polepole, naye anahisi yote.

Subiri dakika 2 kamili. Kisha gusa mboni ya jicho kwa ncha ya kidole: kope ikicheza, bado yu hai. Tazama pia tumbo karibu na mkia kama linapanda na kushuka. Kumtumbukiza kwenye maji moto akingali anapumua ni kosa baya kuliko yote, na hufanyika kila siku kwa sababu ya haraka ya mteja.

Maji yenyewe yawe nyuzi 60 hivi. Bila kipimajoto, changanya nusu yanayochemka na nusu ya bomba, mzamishe kwa dakika moja huku ukimgeuza, kisha vuta unyoya wa bawa. Ukitoka bila kung'ang'ania, mtoe. Yakiwa yanachemka, ngozi hupasuka na kuchanika unaponyonyoa.