Mtoto wa kike na televisheni: dhana na ukweli

"Akishaonekana kwenye TV, basi ametoka." Kauli hii haiishi Malindi, na inawaponza wasichana. Wengi wanaoingia kwenye vipindi vya uhalisia (reality TV), vinavyofuatilia maisha ya watu halisi, huwa tayari wana jina au shughuli yao. Netflix ilipoanza kuonyesha Young, Famous & African mwaka 2022, Zari Hassan wa Uganda alikuwa anajulikana zamani kwa muziki na biashara. Showmax nayo ilipoleta The Real Housewives of Nairobi mwaka 2023, Minne Kariuki alikuwa mwigizaji na Vera Sidika alikuwa gumzo la nchi kwa miaka. Kamera iliwakuta kazini. Asiye na kazi ya kushika msimu ukiisha hurudi nyumbani na wafuasi wa mtandaoni, na mwenye nyumba bado anadai kodi yake.

Wengine huamini kuwa asiyeshinda amefeli. Mwimbaji Jennifer Hudson alitolewa American Idol, shindano la uimbaji la televisheni ya Marekani, mwaka 2004 akiwa wa 7. Mwaka 2007 akatwaa Oscar, na kufikia 2022 alikuwa ameshakamilisha tuzo kubwa nne za Marekani: Emmy ya televisheni, Grammy ya muziki, Oscar ya filamu na Tony ya jukwaani.

"Hayo si ya kwetu." Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana linasemwa pwani! Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu mzaliwa wa Fumba, Unguja, alianza kwa kuuza vyungu. Mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Na huku Lamu na Mombasa, kabla hatujaijua televisheni, kulikuwa na lelemama, ngoma ya wanawake: vyama vyao vyenye viongozi na vyeo, sare za kushonesha pamoja, na nyimbo za mafumbo za kumpasha mpinzani hadi akome. Mashindano, mavazi, maneno ya kupigana vijembe, bibi zetu waliyajua yote. Anayesema mwanamke wa pwani hana mazoea ya kusimama mbele ya watu ajiulize bibi yake alikuwa chama gani.

"Tunayoyaona ndiyo tabia yake." Hapana. Hurekodiwa saa nyingi, zikachujwa mpaka zikabaki za kipindi kisichofika saa moja. Mtayarishaji huamua nani akutane na nani. Mahojiano ya mtu akiwa peke yake hurekodiwa baadaye, yakachomekwa katikati ya ugomvi, kwa hivyo neno alilolisema siku nyingine laweza kuonekana kama jibu la tusi la leo. Halafu barazani watu wanamhukumu yeye, na mama yake pia.

Kubwa zaidi, tunadhani kazi yenyewe ni uso tu. Lupita Nyong'o, kabla ya Oscar yake ya 2014, aliwahi kuwa msaidizi wa utayarishaji kwenye filamu ya The Constant Gardener iliyopigwa Kenya. Nyuma ya kamera kuna waandishi wa miswada, wahariri, washonaji, wapambaji.

Chukua hina. Onyesho moja la harusi kwenye filamu laweza kupigwa kwa siku kadhaa, tena mwisho ukatangulia mwanzo. Hina mbichi hutoka na rangi ya chungwa, ikakolea siku ya pili, kisha ikaanza kufifia. Asipokuwepo mtu wa kupiga picha kila ua mkononi mwa bibi harusi na kuchora upya palipochujuka, mtazamaji ataona mkono unabadilika katikati ya sentensi. Fundi wa hina wa Lamu anaujua ukolevu huo kwa kuutazama. Kazi hiyo ina malipo, na ni wachache wanaomwambia kwamba ni yake.

Mzazi anayemkataza bintiye moja kwa moja hamzuii. Anamwacha asaini peke yake. Keti naye, msome mkataba ukurasa kwa ukurasa. Analipwa kwa kila kipindi au mara moja tu? Kikirudiwa kuonyeshwa, anapata kitu? Picha alizopigwa zitabaki mali ya nani, na zaweza kukatwa kuwa tangazo? Amefungwa asifanye kazi na kituo kingine kwa muda gani? Akitaka kujitoa katikati, anadaiwa nini? Na tarehe ya malipo iandikwe kwa siku na mwezi. Akiambiwa "tutaongea baadaye", arudi nyumbani na karatasi bila kuitia saini.