Geuza Upande wa Ndani Kabla Hujalipa

Godoro kwetu linauzwa kwa futi na inchi. Mnunuzi anaingia dukani, anauliza nne kwa sita inchi sita, anatajiwa bei, anavuka barabara kwenda kuuliza swali lile lile duka la pili, na mwenye bei ya chini ndiye anayeuza. Inchi zinaonekana na rula inazipima, kwa hiyo zimekuwa ndicho kipimo cha biashara nzima. Lakini unene hauamui kama godoro litadumu miaka kumi au litaweka shimo kabla mwaka haujaisha. Kinachoamua ni uzito wa sponji kwa ujazo wake, yaani ndani ya mita moja ya ujazo mna kilo ngapi za sponji na mna hewa kiasi gani. Hilo mnunuzi haulizi, na muuzaji naye hana sababu ya kulitaja.

Tufanye hesabu. Godoro la futi nne kwa sita, inchi sita, lina ujazo wa takribani mita za ujazo 0.34. Likiwa la sponji ya kilo 16 kwa kila mita ya ujazo, sponji yake yote itakuwa na uzito wa kilo tano na nusu hivi. Likiwa la kilo 24, litafika kilo nane. Yakisimamishwa pamoja ukutani na makava yao ya maua, hakuna jicho litakaloyatofautisha. Maabara tunayatofautisha kwa kukata kipande, kukibana hadi nusu ya unene wake, na kukiacha kwenye joto la nyuzi 70 kwa saa 22. Kisha tunakiachia na kupima kimeinuka kiasi gani. Sponji nzito iliyotengenezwa vizuri huinuka karibu yote. Nyepesi hubaki imelala, na hivyo ndivyo itakavyofanya chini ya kiuno chako.

Wewe huna tanuri la maabara, lakini una mikono. Nyanyua magodoro mawili ya kipimo kimoja, moja baada ya jingine. Tofauti ya kilo mbili au tatu inasikika mikononi. Ukipata mizani, pima kabisa. Halafu fungua zipu ya kava, kwa sababu kuna ujanja unaohusu uzito huo huo: sponji huweza kuchanganywa na unga wa chokaa wakati wa kutengenezwa ili iwe nzito. Ibonyeze na kuisugua kwa vidole. Vidole vikibaki na vumbi jeupe, sehemu ya uzito uliofurahia ni unga, na unga haubebi mtu. Na ukishapata godoro zuri, tazama chaga za kitanda chako. Chaga zilizoachana sana hulibonyeza godoro zuri katikati ya mapengo, kisha lawama inapelekwa kiwandani.

Nimekaa sana kwenye godoro kwa sababu linaonyesha waziwazi jambo linalojirudia katika vitu vingi vya nyumbani. Rangi, mng'ao, unene, boksi zuri na maneno makubwa juu ya boksi, vyote hivyo havina gharama kubwa kuviweka. Gharama iko kwenye malighafi: shaba ya ndani ya waya, pamba ya ndani ya uzi, sponji ya ndani ya kava. Bei inapolazimishwa kushuka, malighafi ndiyo hupunguzwa kwanza, na hupunguzwa pale ambapo jicho la mnunuzi mwenye haraka halifiki. Wala si suala la nchi bidhaa inakotoka. Kiwanda hutengeneza kile alichoagiza mfanyabiashara kwa bei aliyokubali kulipa, na mfanyabiashara naye huagiza kile tunachokubali kununua.

Kwenye umeme nitasema kwa ukali zaidi, kwa sababu godoro bovu linaumiza mgongo lakini waya mbovu unaunguza nyumba. Birika la umeme la wati 2,000 kwenye umeme wetu wa volti 230 linavuta karibu ampea 9. Waya laini wenye shaba ya milimita za mraba 0.75 umekusudiwa kubeba ampea 6. Wa milimita 1.0 hubeba 10, na wa 1.25 hubeba 13. Sasa chukua ekstensheni yoyote ya bei ya kutupa, soma kwenye plagi: imeandikwa 13A. Kisha soma maandishi madogo yaliyochapwa kwenye mwili wa waya wenyewe, kama yapo. Ukikuta 0.75, plagi na waya vinasema mambo mawili tofauti, na atakayepata moto ni waya. Yasipokuwepo maandishi kabisa, rudisha mahali pake.

Hata maandishi yakiwepo, shaba inaweza isiwe shaba. Kuna nyaya za alumini iliyopakwa ngozi nyembamba ya shaba. Alumini hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 hivi ya uwezo wa shaba, kwa hiyo waya wa unene ule ule hupata joto zaidi kwa mzigo ule ule. Fundi umeme anayenunua waya kwa mita anaweza kukwangua uzi mmoja kwa kisu: shaba halisi ni nyekundu hadi ndani, ya kupaka ina weupe chini. Kwa ekstensheni iliyofungwa tayari huwezi kuikata dukani, lakini unaweza kuipima mkononi, kwa kuwa ya shaba ni nzito. Unaweza pia kuchomeka plagi na kuona kama tundu linaibana. Tundu linalolegea likiwa jipya litatoa cheche likizeeka. Ukifika nayo nyumbani, ifungue yote isibaki imejiviringa, ichomeke birika au pasi, kisha baada ya dakika kumi ushike waya na plagi. Vuguvugu kidogo si ajabu. Ikiwa ni joto la kukufanya uondoe mkono, ichomoe na usiitumie tena, hata kwa kuchajia simu, kwa sababu siku moja mtu mwingine wa nyumbani ataichomeka pasi bila kujua.

Tuje kwenye nguo. Kanga na kitenge kipya huja na wanga, na wanga ndio unaokipa kitambaa ule ukakamavu unaopendeza kinapokunjuliwa dukani. Wanga kidogo ni kawaida. Wanga mwingi huficha nyuzi chache, na baada ya kufua mara ya kwanza unabaki na kitu kama chandarua. Shika pembe, sugua kitambaa kwa kitambaa kwa nguvu kidogo, uone kama pale uliposugua pamelegea na kuacha vumbi. Kisha kiinue kwenye mwanga. Kama unamwona muuzaji vizuri upande wa pili, umeshapata jibu. Kwa kitenge cha nta geuza nyuma: rangi yake hupenya, pande zote mbili zinalingana. Kilichochapwa upande mmoja kina nyuma iliyopauka. Si kibaya kwa hilo peke yake, ila usikilipe bei ya nta. Rangi inayochuja utaijua kwa leso nyeupe iliyoloweshwa maji: isugue mara kadhaa sehemu yenye rangi nzito. Maabara hufanya jaribio hilo hilo kwa mashine na kuipa rangi alama kuanzia 1, iliyo mbaya kabisa, hadi 5, na leso yako inatosha kutofautisha moja na nne.

Sare za shule ndizo zinazonigusa zaidi, kwa sababu mzazi mwenye kipato kidogo ndiye anayezinunua mara nyingi zaidi. Chukua mfano wa sare ya shilingi 15,000 inayofumuka msambani ndani ya miezi 4, na nyingine ya shilingi 27,000 inayovaliwa miezi 18. Ya kwanza imegharimu shilingi 3,750 kwa mwezi. Ya pili, 1,500. Mwenye sare ya bei ndogo ndiye aliyetoa fedha nyingi, na kila mara amezitoa ghafla, katikati ya muhula, pengine kwa kukopa.

Geuza sare nje ndani. Hesabu mishono ndani ya inchi moja. Kumi hadi kumi na miwili ni kazi ya kueleweka, na ikishuka chini ya saba, uzi utakatika mtoto akikimbia. Tazama akiba ya kitambaa pembeni ya mshono. Ikiwa ni chini ya sentimita moja, fundi hatakuwa na pa kushika mshono ukifumuka. Upindo wa suruali au sketi ya mtoto uwe na sentimita tano au zaidi, maana atarefuka kabla kitambaa hakijaisha. Msambani na kwenye pembe za mifuko pawe pameshonwa mara mbili. Na kitambaa chenyewe? Wengi huamini pamba tupu ndiyo bora na poliesta ni ya hovyo. Kwa sare sikubaliani. Pamba tupu inapauka na kulika haraka kwa kufuliwa kila siku mbili, na poliesta tupu ni mateso kwenye joto la Tanga au Mtwara. Mchanganyiko wa asilimia 65 poliesta na 35 pamba unabeba vyote viwili. Ukitilia shaka unachoambiwa, omba uzi mmoja uliochomoza, uuchome: pamba hutoa harufu ya karatasi na jivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Kuhusu mtumba, nina neno la kuutetea. Koti au suruali ya jinzi iliyofuliwa miaka miwili ikafika soko la mtumba la Mchikichini, Dar es Salaam, ikiwa bado imeshikamana imekwisha kupita jaribio ambalo nguo mpya za bei ya chini haziwezi kulipita. Kagua kola, makwapa, magoti na lastiki, mahali nguo huanza kufa. Nguo za ndani za mtumba zimepigwa marufuku kuuzwa Tanzania kwa ajili ya afya, na hapo sina utetezi wowote.

Sufuria nitazipitia upesi. Ile sumaku wauzaji wanayoitumia kuthibitisha chuma cha pua, yaani kisichoshika kutu, haithibitishi wanachodai. Chuma cha pua chenye nikeli, kile kinachoandikwa 18/10, kwa kawaida hakivuti sumaku, na kuna chuma cha pua kisicho na nikeli kinachovuta, nacho ni halali kwa kupikia. Pima uzito wa kitako, ukipige kwa kidole, na kama kuna vishikio hakikisha vimeshikwa kwa ribiti, si kwa vidoti viwili vya kuchomelea. Tahadhari zaidi ni kwa sufuria za kusubu kwa vyuma chakavu. Vipimo vilivyofanywa katika nchi kadhaa za Afrika, Kameruni ikiwemo, vimekuta sufuria za aina hiyo zikitoa madini ya risasi kwenye chakula, na risasi huharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Ukiwa nayo, usipikie vitu vya ndimu, ukwaju au nyanya nyingi, wala usilaze chakula humo. Ukipata uwezo, ibadilishe kabla ya kubadilisha pazia.

Viatu: kunja soli kwa mikono miwili utazame pale inapokutana na ngozi. Gundi peke yake hufunguka hapo hapo. Soli iliyoshonwa fundi viatu anaweza kuishona tena mara tatu, nne.

Najua kinachosemwa hadi hapa. Rahisi ghali, sawa, lakini mtu mwenye shilingi 15,000 mfukoni hawezi kununua kitu cha 27,000 kwa kuelezwa hesabu. Ni kweli, na ndiyo maana siwezi kumwambia mtu anunue kila kitu kizuri kwa mara moja. Ninachosema ni kupanga foleni. Mbele kikae kinachogusa umeme, moto na chakula. Kifuate kinachogusa mwili kila siku, yaani godoro, viatu na sare. Mapambo, vyombo vya wageni, nguo ya shughuli ya siku moja na nguo za mtoto mchanga atakayeziacha baada ya miezi mitatu, hivyo nunua vya bei yoyote bila wasiwasi. Vikundi vingi vya upatu hupokezana fedha ambazo huishia kwenye seti za vikombe. Kikundi kinaweza kukubaliana kwamba mzunguko mmoja wa mwaka ni wa magodoro, kisha wanachama waende dukani pamoja na mizani yao, wanunue kumi kwa mkupuo. Muuzaji anayeombwa magodoro kumi hujibu maswali ambayo mteja wa godoro moja huwa hajibiwi. Na bei ya juu nayo isikulaze. Nimeona vitu ghali vikishindwa vipimo vile vile.

Kabla ya kulipa tafuta alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango la Tanzania, kwenye bidhaa zenyewe, si kwenye boksi tu, na kwa Kenya alama ya KEBS, shirika la viwango la huko. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki ya kodi, yenye jina la bidhaa uliyonunua. Kibao cha ukutani kinachosema bidhaa ikishauzwa hairudishwi hakifuti kwa uwepo wake wajibu wa muuzaji juu ya kitu chenye kasoro. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayomlinda mlaji, na Kenya ina Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012. Lakini bila risiti utashindwa hata kuonyesha kwamba ulinunua duka lile. Karatasi ya risiti hizo hufutika kwa joto, hasa ikikaa kwenye pochi au juu ya friji, kwa hiyo ipige picha siku hiyo hiyo, pamoja na namba ya toleo iliyoandikwa kwenye bidhaa.