Mwajiri wa Georgia, I-9 inagusa kodi yako pia

Ndugu zetu wengi wa Clarkston na Atlanta wenye biashara ndogo, malori, kusuka nywele, kutunza wazee majumbani, wanakuja ofisini na swali moja: nikihakiki mfanyakazi wangu napunguziwa kodi? Serikali kuu ya Marekani haikupi punguzo kwa sababu tu umejaza fomu I-9 (ya kuonyesha mfanyakazi ni nani na ana ruhusa ya kufanya kazi Marekani) au umetumia E-Verify (mfumo wa serikali wa mtandaoni wa kuhakiki ruhusa hiyo). Georgia yenyewe imepitia mlango mwingine.

Toka Januari 1, 2008, kama uliyemlipa hana ruhusa ya kufanya kazi Marekani, mshahara wake ukifika dola 600 kwa mwaka huruhusiwi kuutoa kama gharama ya biashara kwenye kodi ya jimbo. Chukulia umemlipa mtu dola 30,000. Pesa imeshatoka mfukoni ila kwenye hesabu ya kodi inaonekana bado ni faida yako, na kodi ya jimbo ni karibu asilimia 5, kwa hiyo unalipa kama dola 1,500 juu ya hela ambayo huna tena. Na usijidanganye kwamba ukimwita kontrakta au usipompa W-2 (fomu ya mshahara na kodi ya mwajiriwa) unakwepa, sheria imeligusa na hilo.

I-9 yenyewe sio ngumu. Mfanyakazi anajaza sehemu yake kabla siku ya kwanza ya kazi haijaisha, wewe unaangalia makaratasi yake ndani ya siku 3 za kazi. Ukiwa na wafanyakazi zaidi ya 10, Georgia inataka utumie E-Verify, na ni bure.

Sasa kinachoniuma ni mabosi wanaoogopa mpaka wanamnyanyasa mtu. Unamwambia "niletee grinikadi", huruhusiwi! Mfanyakazi ndo anachagua alete nini kwenye orodha ya fomu. Mkimbizi aliyefika juzi akileta I-94 (karatasi ya kuingia Marekani) yenye muhuri wa mkimbizi unaipokea, anaanza kazi, alafu ana siku 90 za kuleta makaratasi mengine.

Na E-Verify ikisema taarifa hazijalingana, usimfukuze wala kumpunguzia masaa. Akitaka kupinga ana siku 8 za kazi za serikali kwenda kufuatilia. Kuna mama mmoja Mkongo tulimsaidia, ana majina matatu, kwenye kadi ya sosho (Social Security) la ukoo limewekwa mwanzo, kwenye kadi ya kazi liko mwisho, mashine ikagoma. Bosi wake alikuwa keshaanza kutafuta mtu mwingine, tukampigia tukamsomea ile karatasi ya E-Verify mstari kwa mstari, akasubiri. Mama alienda ofisi ya sosho siku ya tatu, jina likanyooshwa, kesi ikafungwa, na shifti yake ya usiku hakukosa hata moja.