Anayeingilia ripita hayuko pale unapomsikia

"Fundi, huyo mtu yuko mtaani kwangu. Sindano ya nguvu ya mawimbi imejaa mpaka mwisho!" Wiki hii nimepigiwa simu ya namna hiyo mara tatu, na watu watatu wanaokaa pande tatu tofauti za ripita moja, yaani kituo cha mnarani kinachopokea mawimbi ya redio zetu na kuyarusha upya. Kila mmoja ana hakika mwingiliaji ni jirani yake. Hakuna hata mmoja aliyemsikia mwingiliaji. Walichosikia ni ripita.

Naomba tulielewe hili, maana ndilo linalotupotezea siku nyingi kuliko mengine yote. Chukua ripita ya bendi ya mita 2 inayorusha kwenye megahezi 145.625. Yenyewe inasikiliza kilohezi 600 chini yake, kwenye 145.025. Uchafu wowote ukiingia 145.025 unabebwa na kurushwa upya kutoka mnarani, kwa wati zilezile zinazobeba sauti yako na yangu. Kwa hiyo sindano ya redio yako inakuonyesha jinsi mnara unavyokufikia, basi. Mwingiliaji anaweza kuwa na nusu wati tu, ng'ambo ya pili ya mlima, na kwako sindano ikajaa vilevile.

Mwenzetu mmoja alizunguka na gari usiku kucha, antena ya mwelekeo mkononi, akitujulisha kila baada ya muda kwamba mawimbi yanazidi kupanda. Saa tisa alfajiri akasimama kwenye lango la kituo chetu, chini ya mnara wetu wenyewe. Antena yake haikuwa na kasoro yoyote. Ilimpeleka pale mawimbi aliyokuwa akiyasikiliza yanaporushwa. Usingizi wa mtu umepotea, mafuta yameteketea, na redio yake ilikuwa kwenye masafa yasiyo sahihi tangu anatoka nyumbani.

Sikilizeni masafa ya kuingilia, yaani yale ambayo ripita inayasikiliza. Redio nyingi zina kitufe cha kugeuza masafa, kinachokuhamishia huko. Kibonyeze wakati mwingiliano unaendelea. Mimi nashauri zaidi uhifadhi 145.025 kwenye memori yake yenyewe, bila kuruka kilohezi 600, bila toni (mlio wa chini unaotumwa pamoja na sauti ili ripita ifunguke), na skwelchi (inayonyamazisha redio mawimbi yakiwa dhaifu) ukaifungua kabisa, kwa sababu unachokitafuta huenda ni mvumo hafifu ambao skwelchi ingeumeza. Usiposikia kitu, niandikie hivyo hivyo: "Hapa nilipo 145.025 ni kimya." Taarifa hiyo inanisaidia kuliko sindano kumi zilizojaa, maana inafuta eneo zima kwenye ramani.

Ukimsikia huko, hata kwa mbali, sasa ndiyo una kazi ya maana. Kama huna antena ya mwelekeo, shika redio koli kifuani, igande mwilini, kisha jizungushe polepole. Mawimbi yanapofifia kabisa, mwili wako umesimama kati ya redio na chanzo: yuko mgongoni kwako. Mimi hutumia antena ya mwelekeo aina ya Yagi, ya vijiti vitatu, niliyoiunda kwa vipande vya tepu ya chuma ya fundi, vimefungwa juu ya bomba la plastiki. Inapita mlangoni mwa gari bila kuvunjika, kwa kuwa vijiti vinapinda na kurudi.

Ukikaribia, sindano itajaa kila upande na utadhani antena imeharibika. Punguza mawimbi kwa ateneta, kifaa cha kuyadhoofisha. Kama huna, sikiliza mara tatu ya masafa, yaani 435.075. Kivuli hicho cha tatu, nakala inayovuja kutoka kwenye chanzo, huwa dhaifu sana, hivyo ukikisikia jua umebakiza hatua chache.

Na usinitumie mshale mmoja kwenye ramani. Ukuta na mlima hurudisha mawimbi, na mshale mmoja unaweza kuelekea kwenye ukuta. Pima sehemu tatu zilizoachana, ikiwezekana za juu.

Wengine wanasema ni hujuma. Hujuma zipo, nimekutana nazo. Lakini ukisikia injini, mlio wa indiketa, mlango wa gari ukifungwa na hakuna anayesema, hiyo ni maikrofoni iliyokaliwa kwenye kiti. Ukisikia mvumo usio na sauti ya mtu, unaohamahama polepole kwenye masafa, shuku kifaa cha umeme: chaja, taa ya LED, kikuza mawimbi cha antena ya televisheni kilichoanza kurusha chenyewe. Mwenye nacho hajui lolote. Bisha hodi kwa heshima.

"Weka toni, yataisha." Hayataisha. Toni inaizuia ripita isifunguke hovyo usiku, na kwa hilo naiunga mkono. Mawimbi machafu bado yamo ndani ya risiva, sehemu ya ripita inayopokea. Mwenye redio koli aliye mbali akiita na toni sahihi, atazamishwa hata hivyo, na sasa hakuna atakayejua kwa nini.

"Ongeza wati za ripita." Ugonjwa uko kwenye kupokea, na wewe unaongeza kurusha! Mara nyingine ripita ndiyo inayojiziba masikio. Mtu mwenye mawimbi dhaifu akiita, zima transmita (sehemu inayorusha) kidogo. Akisikika safi, tatizo ni letu. Rudisha transmita, weka mzigo bandia (kifaa kinachomeza wati bila kuzirusha) badala ya antena: kelele ikibaki, angalia dupleksa (kichujio kinachotenganisha kurusha na kupokea) na transmita, ikiondoka, panda ukague antena, kebo na kila bolti yenye kutu.

Kuna pia uchafu unaozaliwa ndani ya risiva yenyewe, pale mawimbi mawili makali ya minara ya jirani yanapochanganyika. Weka ateneta ya desibeli 3 kabla ya risiva. Mwingiliano ukishuka kwa 3, unatoka nje kweli. Ukishuka kwa 9 hivi, unatengenezwa humo humo, na dawa yake ni kichujio. Hakuna wa kumsaka barabarani.

Kwa hiyo mkinipigia, nipeni saa mwingiliano ulipoanza na saa ulipokoma, mlikuwa wapi, mlisikia nini kwenye 145.025, na antena gani. Saa msizikadirie. Mwingiliano mmoja ulituchosha miezi miwili mpaka mama mmoja akaleta daftari lenye saa za siku kumi na nne: ulianza kila jua likizama na kukoma kila likichomoza. Jioni iliyofuata tuliisimamisha gari chini ya taa moja ya ulinzi, tukasubiri iwake.